Chupa ya Nne Kabatini

Bunruean hakuwa amemaliza hata siku mbili jenezani, na tayari watu wa Ban Laem walikuwa wakiulizana jambo moja: siku ya kumchoma, watapewa dawa ya kunusa au hawatapewa? Usiwaone hawana huruma. Kwetu anayekuja kumsindikiza marehemu hupewa kitu kidogo cha kurudi nacho nyumbani, na mara nyingi ni vile vichupa vya kunusa, vya kufungua kifua na kuondoa kizunguzungu kwenye joto la hekaluni. Sasa aliyekufa ndiye mtengenezaji mwenyewe. Misiba ya tarafa nzima, kwa miaka, ilinusa kazi ya mkono wa Bunruean. Angeagwaje yeye kwa vichupa vya dukani?

"Nitavitengeneza mimi," alisema Rabiap, binti yake mkubwa. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi, wala hakuna aliyembishia.

Sababu yake hakuitaja. Rabiap ndiye aliyebaki na mama. Mdogo wake, Nongyao, alisoma akawa mwalimu wa kemia huko Ratchaburi, na nyumbani alikuja sikukuu kwa sikukuu na matunda kwenye mfuko. Aliyepika asubuhi na jioni ni Rabiap, na alipika vizuri, tusimnyime haki yake. Mchuzi wake wa mvumo, ule wa matunda machanga ya mti huo, wenye tui zito na nyama ya ng'ombe, ulikuwa ukimfanya mama afunge macho na kusema, "Huu umenirudishia bibi yako." Kisha, yapata miaka miwili iliyopita, sifa zikakatika. Mama akaanza kutia chumvi. Haonji kwanza. Sahani ikitua tu mezani, mkono wake uko kwenye kibakuli cha chumvi, anamwaga kama anayelisha kuku, halafu anakula kimya kama anayemeza vidonge.

Hakuna linalomuuma mpishi kuliko hilo. Daktari alipomwonya mama kuhusu presha, Rabiap alikiondoa kibakuli mezani siku ile ile, na moyoni alifurahi. Ni vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama hakulalamika. Alianza kuja mezani mkono wa kushoto umefumbwa, na kila mwanawe alipogeuka, ule mkono ulipita juu ya sahani. Rabiap aliuona. Alijua kuna chumvi inafichwa mahali, na kwa kiburi chake hakuuliza inafichwa wapi. Siku chache kabla ya mama kuanguka bafuni, uzalendo ulimshinda.

"Kama chakula changu hakikupendezi, Mama, si useme?"

"Kwani mimi nimesema nini?" mama alijibu.

Wakaishia hapo. Mama akafa, na Rabiap hakujua kama amekufa akimdharau. Basi angalau vichupa vitoke sawasawa. Watu wavute puani, waseme, naam, hii ndiyo ya Bunruean mwenyewe. Kama hakumridhisha kwa sahani, amridhishe kwa hilo, maana nafasi nyingine hakuna.

Asubuhi ya mwisho kabla ya siku ya kuchoma, alifungua chumba cha nyuma ambamo mama alifanyia kazi. Pamoja naye alikuwapo Sangwian, shangazi yake, dada wa marehemu baba yao, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Zamani Rabiap alikuwa akimsaidia mama kujaza vichupa, na alijua vinavyoingia: mentoli, kafuri, na pimseni ambayo ni kama ndugu yake kafuri. Vyote ni chenga nyeupe. Ukivitia pamoja kwenye chupa kubwa vinalegea vyenyewe, bila moto wala maji, vinakuwa kimiminika kama maji ya mvua. Lakini tangu ile homa iliyofungia watu majumbani, mama alichanganya peke yake, mlango umefungwa. Watu walisema analinda siri ya kazi.

Rabiap alifungua kabati akakuta chupa nne. Hazikuwa na majina, zilikuwa chupa za kahawa zilizooshwa, kila moja na chenga zake nyeupe.

Shangazi alipiga makofi. "Si nilisema mimi! Kuna kitu cha nne. Dawa za wengine zinakata mafua tu, ya mama yako inakata mpaka huzuni. Kumbe hii hapa siri yake."

"Sasa hii ya nne ni nini, Shangazi?"

"Nitajuaje? Nusa."

Rabiap alinusa. "Mentoli."

"Na hii?"

"Mentoli. Shangazi, kila kitu humu ndani kinanukia mentoli. Hata kitasa kinanukia mentoli."

Alipaswa kungoja hapo. Nongyao alikuwa njiani, angefika kabla ya mchana. Ila Rabiap hakutaka kumngoja mtu wa Ratchaburi aje kumfundisha kazi ya nyumbani kwao. Akashika chupa kubwa, akamimina humo karibu kila kilichokuwamo katika zile tatu, na kutoka ile ya nne, iliyokuwa imesukumwa nyuma ya nyingine, akatia vijiko vya kutosha, kwa kukisia, maana siri haitiwi kwa pupa. Akafunga mfuniko, akatikisa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chenga zililegea, zikalowana, zikaanza kuogelea. Lakini kimiminika kilipotulia, chini ya chupa kulibaki tabaka jeupe. Rabiap alitikisa tena. Tabaka likapanda, likashuka, likalala pale pale. Akaiweka chupa juani dirishani, akatikisa mpaka mabega yakamuuma. Wapi.

"Labda imechukia," alisema shangazi. "Siri nyingine hazipendi kushikwa na mkono mwingine."

Rabiap alimwangalia kwa jicho ambalo lingemnyamazisha mtu yeyote isipokuwa Sangwian. Kisha akakaa chini sakafuni. Kesho saa kumi alasiri mama anachomwa, mzigo wote wa kabati umo ndani ya chupa moja, na chupa imeharibika. Ndivyo alivyoona. Hata hili la mwisho ameliharibu.

Nongyao alimkuta hapo hapo sakafuni. Alivua viatu, akaweka mfuko wa matunda mezani, akaitazama chupa kwenye mwanga.

"Umetia nini humu, Dada?"

"Alivyokuwa akitia Mama."

"Vyote?"

"Vyote vinne."

"Mbona mimi najua vitatu?"

"Wewe unajua nini? Wewe ulikuwa hapa?"

Nongyao aliyameza hayo, na kwa haki alistahili kuyameza. Akachuchumaa karibu na dada yake. "Sawa, sikuwapo. Lakini watu wataivuta hii puani. Lazima tujue ni kitu gani kabla hatujamjazia mtu hata kichupa kimoja. Nipe kijiko cha zamani na mshumaa."

"Si tuonje tu," alisema shangazi.

"Kafuri inaua ukiimeza, Shangazi. Ya kuonja tunaiweka mwisho kabisa."

Rabiap alivuta droo ya chini ya kabati, na humo akakuta vyote viwili kana kwamba vilikuwa vikimngoja: kipande cha mshumaa, na kijiko cheusi tititi upande wa chini. Chini yake kulikuwa na vijiko vingine, vyeusi vile vile.

"Vijiko vyangu hivi!" alisema. "Miaka miwili vinapotea jikoni, nikadhani ni jirani. Mama alikuwa akivifanyia nini?"

Nongyao aliwasha mshumaa. Katika zile chupa tatu kulikuwa kumebaki masazo ya kutosha. Akatia punje za ile ya kwanza kwenye kijiko, akakishika juu kidogo ya moto. Hazikumaliza hata pumzi moja. Ziliyeyuka zikawa tone.

"Mentoli," alisema. "Hii hata kiganja chenye homa kinaiyeyusha."

Ya pili ilihitaji moto zaidi, ikayeyuka, ikafuka moshi mweupe ikaisha. Ya tatu vivyo hivyo, ilikawia tu kidogo. Kijiko kilibaki kitupu, kama hakikutiwa kitu.

"Angalia usitie moto nyumba," alisema shangazi. "Utatuchoma kabla ya zamu yetu."

Kisha ya nne. Nongyao aliishika juu ya moto, wakangoja. Zile chenga zililia ta, ta, mbili tatu zikaruka nje ya kijiko. Zilizobaki zilikaa. Nongyao alishusha kijiko mpaka ndani ya mwali wenyewe, mpaka mpini ukamlazimu ashikie kwa kitambaa. Hazikulegea wala hazikufuka moshi. Zilikuwa nyeupe na kavu vile vile.

"Huyu ni wa ukoo mwingine," alisema Nongyao, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya darasani. "Hawa watatu ni kampaundi za kovalenti. Kila molekuli ni kitu kimoja kilichoshikana barabara ndani yake, lakini molekuli na molekuli hazishikani sana. Joto dogo tu zinaachana, zinaruka hewani, zinakuingia puani. Hiyo ndiyo harufu. Huyu wa nne hana molekuli za kuruka. Ni ioni, chaji chanya na chaji hasi, kila moja imeng'ang'aniwa pande zote na za upande wa pili. Mshumaa wako huu ataucheka."

"Na harufu yake je? Mbona anayo?"

"Ya kuazima. Amekaa kabatini na wenzake."

Akatia kijiko cha kila moja katika vikombe vya maji. Zile tatu zilikataa maji, zikajikusanya juu na kushika kingo za kikombe. Ya nne ilipotea ndani ya maji kwa kukorogwa mara chache. Nongyao akasimama, akaangaza macho nyumba nzima, yakaenda kutua kwenye rafu ya Buddha, ambako taa ndogo za rangi zilikuwa zikimetameta.

"Usithubutu," alisema Rabiap.

Nongyao alishathubutu. Aliinua mikono kuomba radhi, akaishusha taa moja nyekundu pamoja na kisanduku chake cha betri, akaukata waya na kuzitumbukiza ncha mbili katika kikombe cha maji ya mentoli. Giza. Maji ya kafuri, giza. Ya pimseni, giza. Akazigusisha kwenye chenga kavu za chupa ya nne, napo giza. Kisha akazitia katika maji ya hiyo ya nne, na ile taa nyekundu ikawaka.

Shangazi aliinua mikono naye, kwa tahadhari tu.

"Kavu, ioni zimefungwa mahali pake, umeme haupiti," alisema Nongyao. "Kwenye maji zimefunguliwa, zinatembea. Ni chumvi ya aina fulani, Dada. Ila chumvi ziko nyingi. Ingekuwa shabu, ile ya kusafishia maji, ingeyeyuka kwanza, halafu ikafura kama mkate. Hii haikufura."

Rabiap alikuwa amekwisha kuchukua punje moja. Amezaliwa Ban Laem, ambako chumvi hulala nje kwa marundo mpaka ng'ombe wanaizoea. Hakuhitaji taa wala mwalimu. Aliigusisha kwenye ulimi. Ilikuwa chumvi ya mashamba ya kwao, ile ya chenga nene. Lakini mara ile ile mentoli ikamchoma ulimi, ikampanda puani, machozi yakamtoka, akatema kwenye kikombe.

"Pyuu! Chumvi ya kupikia! Hii nani angeweza kuila? Hata ukimpa mbwa..."

Hakumalizia. Alikitazama kiganja chake cha kushoto.

Hii ndiyo ile chumvi. Alikuwa akijiuliza mama anaitoa wapi, na ilikuwa ikitoka hapa, kwenye kabati ambalo yeye haruhusiwi kuligusa. Mama aliishika kwenye kiganja cha kushoto, akaila na wali, akaila na mchuzi wa mvumo, asubuhi na jioni. Chumvi inayonuka mentoli kiasi cha kumliza mtu.

"Hakuwa akisikia harufu," alisema Rabiap.

"Nani?"

"Mama. Mtu mwenye pua hawezi kula hii, Nongyao. Onja. Hawezi." Na sasa mambo yakaanza kumjia yenyewe, mengine juu ya mengine. Siku wali ulipoungua mpaka jirani akapiga kelele, na mama amekaa kando ya jiko anachambua mboga. Kamba waliooza ambao mama aliwatia kwenye sahani bila kusita. Jinsi mama alivyokuwa akiinama juu ya sufuria iliyo wazi na kuuliza, "Leo umepika nini?", na yeye akadhani ni kejeli. "Tangu ile homa," alisema.

Nongyao alikaa taratibu. Umwalimu ulikuwa umemtoka. "Wanafunzi wangu wawili walipoteza harufu hivyo hivyo. Mmoja mpaka leo haijarudi. Aliniambia chakula chote ni kama kutafuna karatasi. Ulimi peke yake unajua machache, Dada. Chumvi, sukari, uchachu, uchungu. Mengine yote tunayoita utamu ni pua. Alibakiwa na chumvi."

"Na vijiko?"

"Angejuaje amenunua nini? Mfanyabiashara angeweza kumchanganyia shabu ndani ya pimseni asijue. Kwa hiyo alichoma kidogo kwanza. Kikiisha chote kijikoni, ni chenyewe. Kikibaki kitu, kuna mtu amemwibia." Alikiangalia kile kijiko cheusi. "Au ameshika chupa yake ya chumvi kwa makosa."

Rabiap alilia hapo, na alilia kwa hasira kabla ya kulia kwa huzuni. "Si angeniambia! Miaka miwili! Mimi nakaa naye meza moja, nampokonya chumvi, naye ananyamaza tu!"

"Angekuambiaje? Mtengenezaji wa dawa ya kunusa asiye na pua. Soko zima lingejua kabla ya jua kuzama, na Shangazi hapa ndiye angelipeleka."

Walimgeukia Sangwian. Alikuwa amekaa kimya, jambo la kuandikwa.

"Ningelipeleka," alisema polepole. "Kweli ningelipeleka."

Rabiap alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Alijisikia vibaya, na chini ya ubaya ule kulikuwa na kitu chepesi ambacho hakukizoea, akaona haya kukifurahia. Mama hakuudharau mchuzi wake. Miaka hii miwili Mama hakuwa hata akiufikia.

"Na hii chupa?" aliuliza, akiinyoshea kidole ile kubwa. "Tumwage?"

"Tumwage nini? Chumvi haikuingia. Haiwezi kuingia mle, si ya aina yao. Leta kitambaa cheupe."

Walichuja. Kilichoshuka kilikuwa safi, kinang'aa, na ukali wake ulijaza nyumba mpaka barazani. Juu ya kitambaa ilibaki chumvi iliyolowa. Shangazi akanusa kichupa cha kwanza, akafumba macho, akavuta tena. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Kumbe siri haikuwapo." Halafu, maana kimya kilikuwa kimemchosha: "Lakini mmenifundisha. Rabiap ni chumvi, umchome usimchome yupo. Wewe mwalimu ni mentoli. Joto kidogo tu, umeshafika Ratchaburi."

Nongyao alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakuja zaidi, Dada," alisema. Rabiap akamwambia akamate faneli vizuri, inamwagika.

Kesho yake asubuhi Rabiap aliamka akapika. Kwetu, maiti akiwa bado hekaluni, wenyewe humpelekea chakula kila wakati wa kula, na humgongea jeneza kumwita. Siku zote hizi Rabiap alikuwa amempelekea mama sinia lake bila hata punje ya chumvi pembeni, akigonga kwa nguvu kidogo kuliko inavyopasa. Utakula nilivyopika, ndivyo alivyokuwa akisema moyoni. Safari hii, sinia la mwisho, alipika mchuzi wa mvumo.

Bandani hekaluni watu walikuwa wameanza kufika, na vichupa vilikuwa vikigawiwa mlangoni. Rabiap alisikia nyuma yake watu wakivuta pumzi, na sauti ya mzee mmoja ikisema, "Naam. Mkono wake huu." Hakugeuka. Aliweka sinia mbele ya jeneza, akapanga wali, akapanga mchuzi. Kisha akatoa kifuani ile chupa ya nne ya kahawa, akafungua mfuniko, akachota kwa vidole na kumwaga juu ya mchuzi. Akachota tena. Alimwaga kama anayelisha kuku.

Shangazi Sangwian, aliyekuwa amepiga magoti pembeni, alirudi nyuma. "We Rabiap! Chakula chote kinanuka mentoli! Nani atakula hicho?"

"Mwenyewe hajali," alisema Rabiap.

Akainama, akagonga jeneza mara moja, taratibu, kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala.

"Mama," aliita. "Njoo ule. Leo nimekutilia chumvi."